Managu Ndani ya Uzio

Nyasi ya Doha inaishi vizuri kuliko mimi. Sisemi kwa utani. Inaoga asubuhi, inaoga jioni, inanyolewa kila wiki, na ikianza tu kugeuka manjano mahali, wanaume wanaiinamia na kuulizana ina nini maskini. Mimi nikiugua naambiwa nimeze panadol nirudi kazini. Nimefanya kazi katika bustani za manispaa ya huku muda wa kutosha kuzijua, na hadi leo nikikatiza juu ya ile nyasi najisikia kama nimekanyaga zulia la mwenye nyumba na viatu vya matope.

Mnielewe, sichukii bustani. Nilikotoka, vilimani Kisii, kila kitu ni kijani bila kuombwa. Ukitupa kokwa ya parachichi nyuma ya jikoni, ukija kukumbuka unakuta mti. Huku kila ua lina bomba lake. Nilipofika mara ya kwanza nikaonyeshwa mipira myeusi, myembamba, inapita chini ya udongo na kudondosha maji shina kwa shina, nilicheka hadi nikaonywa. Sasa sicheki tena. Kazi yangu ilikuwa kitaluni, nyuma kabisa ya bustani: kujaza udongo kwenye vifuko, kuotesha petunia za msimu wa baridi, na gugu lolote likichungulia, kuling'oa kabla halijaonekana na wakubwa.

Jirani nitamwita Jirani kwa sababu ndivyo nilivyomwita. Vitanda vyetu vilikuwa vimepakana katika chumba cha kina mama huko Al Mansoura, juu ya duka la kushona mapazia, na siku ya kwanza alinyoosha mkono juu ya ile nafasi ndogo akasema, "Jirani, naomba usikorome." Nikamwambia sijawahi kukoroma tangu nizaliwe. Tulikoroma wote wawili. Alikuwa Mluhya wa upande wa Vihiga, mwenye kicheko cha kusikika hadi kwa washonaji kule chini, na kazi yake ilikuwa kusafisha vyoo vya wanawake katika bustani hiyo hiyo yangu. Basi la kampuni lilitupeleka pamoja na kuturudisha pamoja. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya ibada na mapumziko, tulikaa kiti kimoja kanisani Mesaimeer. Watu walidhani sisi ni ndugu, nasi tukawaacha wadhani hivyo.

Ugonjwa ulimshika wakati wa joto kali. Ulianza kama uchovu, na nani hachoki katika joto lile? Nikamcheka, nikamwambia ameanza ubibi mapema. Kisha akaanza kutapika. Chakula kikishuka kinapanda. Akalazwa, akatolewa, akalazwa tena, na hospitalini wakaupa ugonjwa wake jina refu lililonishinda kulishika, kitu cha tumboni, wakasema dawa zipo lakini damu imepungua sana na mwili umekataa kula. Kampuni haikuleta maneno, nisiwasingizie watu. Tikiti yake ya kwenda nyumbani ilikuwa tayari. Aliyekataa ni daktari. Alisema mwenye damu kidogo namna ile hapandi ndege. Ale kwanza, damu ipande, aweze kutembea mwenyewe hadi kwenye kiti chake, ndipo atamruhusu.

Basi mambo yote yakawa yamesimama hapo tu. Akila, anaenda nyumbani. Asipokula, haendi. Na Jirani alitaka kwenda nyumbani kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akitaka kitu. Mama yake alikuwa hai bado, mzee, anamngoja. "Mama yangu atanipokea nikitembea," alikuwa akiniambia amelala chali, macho kwenye dari. "Nashuka kwenye gari, natembea hadi mlangoni, namsalimia. Sitaki kuteremshwa kama mzigo." Nikamjibu, wee, nani akuteremshe na huo uzito wa matako. Siku hizo matako yenyewe yalikuwa yameisha, na wote wawili tulijua.

Nilimpikia kila kitu. Supu ya kuku. Ndizi. Uji wa wimbi, ambao unga wake niliutafuta Doha nzima. Wali mweupe mtupu. Anaonja kijiko, anageukia ukutani. Nilikasirika, aki ya Mungu nilikasirika. Nilimgombeza kama mtoto, nikamwambia watu wanaomba Mungu chakula na yeye anageuzia chakula mgongo. Kesho yake akasema polepole, "Nikipata managu, Jirani. Managu kidogo tu, ningekula na ugali."

Managu ni mnavu. Kwetu sisi wa magharibi mwa Kenya hiyo si mboga tu. Aliyejifungua anapewa managu. Aliyetoka hospitali anapewa managu. Inarudisha damu, na hakuna mtu nyumbani anayekaa chini kubishana juu ya hilo. Ubishi uliopo ni wa kupika, na juu ya huo mimi na Jirani tulikuwa tumegombana tangu tujuane. Sisi Wakisii tunataka ule uchungu wake, mboga ikukamate ulimi ujue umekula. Yeye alisema tunapika managu kama tunaadhibu mtu. Kwao inachemshwa, inatiwa maziwa, inalazwa, inatiwa maziwa tena, hadi uchungu wote umetubu. "Hayo ni maziwa yenye majani," nilikuwa nikimwambia. "Na yenu ni dawa ya minyoo," ananijibu.

Sukuma wiki utapata Doha. Managu, ng'o. Baada ya ibada pale Mesaimeer niliuliza kila mama Mkenya aliyenitazama usoni. Mmoja alikuwa ameleta majani makavu ya managu kwenye sanduku lake na yalishaisha zamani, na badala ya kusema hana akanisimulia yalivyokuwa matamu hadi nikatamani kumzaba kofi. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikapika ugali ambao najua hataula.

Baridi ilipoanza kuingia, nilitumwa na Jirani kumchukulia leso aliyokuwa ameiacha kwenye stoo ya vyoo. Nyuma ya kile chumba AC imekuwa ikidondosha maji yake miaka nenda miaka rudi, na pale chini, mahali pasipopandwa kitu na mtu yeyote, palikuwa na kijani. Niliinama kuangalia. Maua madogo meupe. Vitunda vya kijani, vingine vimeshakuwa vyeusi. Nilikaa pale kwenye simenti, nyuma ya choo cha wanawake, nikalia na kucheka kwa pamoja, na mama mmoja aliyekuwa akitoka na watoto wake akaniuliza kwa Kiarabu kama naumwa.

Ilikuwa managu, mashina machache tu. Nilichuma nusu, nikafunga ndani ya leso ya Jirani, nikaificha kifuani hadi Al Mansoura. Nikaipika kama kwao, kwa maziwa, ingawa moyo uliniuma. Ilipofika puani mwake aliinuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwinua kila siku, na leo aliinuka mwenyewe, akaegemea ukuta, akanawa mikono kwenye beseni, akakata tonge la ugali. Akala. Alikula sahani ile ndogo yote, akaifuta kwa tonge la mwisho. Haikurudi. Nilikaa pembeni nikisubiri irudi na haikurudi.

"Umezidisha chumvi," akasema. Nikamwambia aende akapike mwenyewe. Wiki hiyo alishuka ngazi kwa miguu yake hadi kwa washonaji, akapanda tena akihema na kucheka. Daktari alifurahi. Alisema akiendelea hivyo watazungumza habari ya ndege. Mimi nikaanza kumpangia atakavyovaa siku ya safari, nikamwambia asije akavaa yale magauni yake ya maua makubwa akawatisha watu uwanja wa ndege.

Lakini pale chini ya AC hapakuwa na mboga ya kutosha mtu, na kabla mashina yaliyobaki hayajachipua, mafundi walikuja kutengeneza njia ya maji na kumwaga simenti. Niliwahi nikang'oa miche na udongo wake, nikakusanya na vitunda vyeusi. Sasa nipande wapi? Kitaluni kwangu kila kifuko kinakaguliwa. Kwenye nyasi ndiyo kabisa. Nikafikiri sana, na wazo likanijia ambalo nililiona la akili mno, hata nikajisifu kwenye basi.

Bustani yetu ina kona iliyozungushiwa uzio, inaitwa hifadhi. Humo hamna nyasi wala petunia. Ni mchanga, mawe, migunga, mikunazi kadhaa, na vichaka vya miiba vya jangwa la hapa. Kibao cha mlangoni kinasema usichume, usikate, usiokote hata jiwe. Watoto wa shule huletwa kutazama kupitia waya jinsi nchi yao ilivyokuwa kabla ya nyasi. Sisi wa kitaluni tulikuwa tukiingia kupeleka miche ya mikunazi, na ndani, nyuma ya kichaka kikubwa, kulikuwa na kiungo cha bomba kinachovuja ambacho hakuna aliyejali kukikaza. Nikasema, hapa hapa. Mahali ambapo ni marufuku kung'oa jani, nani atang'oa managu yangu?

Nikaipanda. Na nilivyoipanda ndiyo kisa chenyewe. Mimi ni mtoto wa mkulima. Sikumbuki nilifundishwa lini kupanda kwa mstari, kama nisivyokumbuka nilifundishwa lini kutembea. Mama yangu alikuwa akipita shambani na mstari ukiwa umepinda anasema mwenye mstari huu akili yake ikoje. Kwa hiyo mikono yangu ikafanya ilichozoea. Nilitoboa mashimo kwa kijiti, nafasi sawa, mistari iliyonyooka. Nikapalilia. Nikasogeza mawe pembeni. Miche ilipokaa vizuri nikakata ncha ili itoe matawi, hizo ncha nikampikia Jirani, kijiko kimoja tu, akazilamba na kuuliza ziko wapi nyingine. "Zinakuja," nikamwambia. "Tulia. Managu changa haichumwi ikamalizwa, utaiua. Ngoja itanuke, nikupikie sufuria nzima."

Akangoja. Alikuwa amerudi tena kutapika vitu vingine vyote, amerudi kuegemea ukuta, ngazi akaziacha. Lakini aliingoja ile sufuria. Kila jioni nikirudi swali lilikuwa moja: imefika wapi? Namwonyesha kwa mkono, imefika hapa, kwenye kifundo. Imefika hapa. Imefika karibu na goti. "Imetanuka?" Imetanuka, Jirani, ungeiona, majani kama masikio ya mbuzi.

Mtu mmoja tu alijua. Kulikuwa na mzee wa Kitamil kutoka Uhindini, mwenye pampu ya dawa ya magugu mgongoni, sote tulimwita Anna, ambalo kwa lugha yao ni kaka mkubwa. Siku moja alinikuta ndani ya hifadhi nimechuchumaa. Nikadhani nimekwisha. Akaitazama mboga, akaelekeza kidole mdomoni mwake, akajipapasa tumbo na kutabasamu. Kumbe kwao pia wanaila! Tangu hapo akawa akipita upande ule anazima pampu, na mara moja nilikuta mtu ameziba upepo kwa gunia upande wa mchanga. Nikaona Mungu ametupangia.

Ikafika Alhamisi moja nikaiona iko tayari. Majani mapana, meusi ya afya, mistari imekutana. Ningeichuma siku ile. Hilo neno nimelisema moyoni mwangu mara nyingi kupita sala yoyote: ningeichuma siku ile. Lakini basi lilikuwa limeshapiga honi, na kufunga mboga yote ile kunataka muda na gunia, na kesho yake ni Ijumaa, mapumziko. Nikasema Jumamosi asubuhi nakuja na gunia. Nikamwambia Jirani, "Jumamosi." Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akasema basi Jumapili atakuwa anakimbia.

Ijumaa nilienda Mesaimeer peke yangu. Nilimwombea. Nilimwimbia wimbo anaoupenda, nikapiga makofi kwa ajili yetu wawili.

Jumamosi nilipofungua mlango wa uzio nilisikia harufu kabla ya kuona. Dawa ya magugu ina harufu yake, inakaa nyuma ya koo. Managu ilikuwa bado imesimama, bado ina rangi, lakini majani yalikuwa yamejikunja kwenye kingo na juu yake kulikuwa na madoa ya buluu, ile rangi wanayochanganya ili mpulizaji ajue alipopita. Mistari yote. Hakuruka hata shina. Nikasema labda ya chini, labda ya ndani ndani haikufikiwa, nikapeleka mkono. Mtu akaupiga ule mkono kwa nguvu. Alikuwa Anna. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. "No, sister," akasema. Akatikisa kichwa, akaonyesha pampu yake, akaonyesha juu, kwa wakubwa. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee wa watu na mimi sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimtukana kwa Kikisii, matusi ambayo hata mama yangu hajui kama nayajua. Aliyapokea yote.

Mhandisi wa bustani aliniita ofisini kwake. Alikuwa Mmisri, mpole, mtu wa kusalimia kila mtu, na hilo ndilo lililonimaliza, maana nilitaka mtu wa kumchukia. Aliniuliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Akanieleza bila kelele kwamba ile hifadhi ni ya mimea ya ardhi hii peke yake, na kitu chochote kilichotoka nje kinatolewa, ndiyo kazi yake. Tena hiki, akasema, vitunda vyake ni sumu. Watoto wanakuja pale.

"Kwetu ni mboga," nikamwambia.

"Kwenu," akasema. Hakusema kwa dharau. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaka kunisaidia nisirudie kosa, kwamba mimea kama ile huota humo kila mwaka na yeye hupita tu, hana muda. "Nisingeiona. Niliona mistari. Jangwa halina mistari."

Nilishika ukingo wa meza. Nikamweleza kuhusu Jirani, vyote, damu, ndege, mama yake, kwa Kiingereza changu na Kiarabu changu na mikono. Alisikiliza hadi mwisho. Alisugua uso, akasema pole mara nyingi. Halafu akasema, "Nunua spinachi. Ina damu nyingi." Laiti angenifukuza kazi. Laiti angenipigia kelele, ningekuwa na kitu cha kushika.

Nilinunua spinachi. Ningefanya nini? Ningeingia vipi chumbani mwetu na mikono mitupu, na yeye ameshaomba abadilishiwe shuka kwa ajili ya ile sufuria? Niliikatakata ndogo sana ili asiione umbo lake. Nikaichemsha, nikatia maziwa, nikaiacha ikae, nikatia maziwa tena. Nikasonga ugali. Wenzetu wa chumbani walijua, niliwakazia macho, wakatoka mmoja mmoja kama wanaoenda dukani.

Jirani aliinuka. Sijui nguvu alizitoa wapi. Alinawa. Alikata tonge, akachota, akaweka mdomoni, akatafuna taratibu akinitazama. Nilikuwa nimeangalia pembeni, nakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Spinachi haina uchungu wowote. Hata mtoto anajua.

"Jirani," akasema.

"Sema."

"Leo umenipikia ya kwenu. Chungu vile vile."

Nikacheka kwa sauti iliyotoka vibaya. Nikamwambia ndiyo, leo nimechoka na maziwa yenu, leo utakula kama Mkisii. Akaendelea kula. Alikula nusu sahani, na kila tonge niliona shingo yake ikilisukuma chini kwa nguvu. Nikajiambia ni ugonjwa, ulimi wake umekufa, hasikii ladha tena, na nikamshukuru Mungu kwa hilo, fikiria. Nikammiminia chai. Akanywa funda moja, akakunja uso.

"Tangawizi leo umeisahau," akasema.

Niliisahau kweli. Nilichukua sahani nikaenda nazo jikoni, nikafungua bomba la maji lote, nikalia hapo nimeinamia sinki. Ulimi wake ulikuwa mzima. Alijua tangu tonge la kwanza kwamba managu hakuna, kwamba haitakuwepo tena, na akaila spinachi kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena imefika wapi. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Nilirudi kila jioni na hakuniuliza kitu, na mimi sikuwa na kitu cha kumwonyesha kwa mkono.

Hakula tena cha maana. Alirudishwa hospitali, na nilikuwa nikienda kumwona nikitoka kazini, tunaongea habari za basi, nani amegombana na nani chumbani. Mara ya mwisho aliniambia, "Jirani, huku hospitali hakuna anayekoroma, sipati usingizi." Alikufa mchana, mimi niko kitaluni najaza udongo. Alisafirishwa kama alivyosema hataki kusafirishwa. Tulimwaga machozi Mesaimeer, tukaimba. Siku ya safari sikuruhusiwa kwenda uwanja wa ndege, mtu kama mimi hana cha kufanya huko, kwa hiyo nilichukua basi hadi Al Thumama ambako ndege hupita chini, nikasimama kando ya barabara na kutazama kila moja iliyopaa. Sikujua ni ipi. Nilizipungia zote, na madereva wakanipigia honi.

Kitandani pake sasa amelala msichana wa Uganda, mtoto mzuri, hakoromi.

Joto lilikuja, likaenda. Petunia zikarudi kwenye vifuko. Juzi mhandisi alikuja kitaluni, akaniambia kule hifadhini ile mimea imeota tena. Vitunda vya managu yangu vilikuwa vimeanguka kabla ya dawa. Akasema Anna amekwenda likizo kwao, na hataki kupuliza dawa karibu na mikunazi midogo, ing'olewe tu kwa mkono. Akasema mimi ndiye ninayeijua kuliko wengine. Sidhani alikuwa mkatili. Nadhani alikuwa amesahau.

Nilichukua ndoo nikaenda. Ilikuwa imeota kwenye mistari ile ile, imenyooka, imetanuka, imefika karibu na goti, hakuna aliyeipalilia wala kuikata ncha. Nilichuma jani moja nikatafuna. Lilikuwa chungu, lilinikamata ulimi na koo, nikasimama pale mdomo umejaa mate. Kisha nikachuchumaa nikaanza mstari wa kwanza. Niling'oa na mizizi, nikakung'uta mchanga, nikatupa kwenye ndoo. Nilipomaliza nikarudisha yale mawe niliyoyasogeza, moja moja, nikayatawanya ovyo ili mtu asione kwamba palikuwa na mistari.